Chumvi ya Jumanne na Ijumaa

Kisima nambari nne cha mvuke wa ardhini kilipofunguliwa kwa majaribio, Jepkosgei alidhani lori la mawe limebingirika kutoka kilimani. Kilinguruma siku kumi na tisa bila kupumzika, na mvuke wake mweupe ukapanda juu ya Kapsirwo, ukajikunja, ukashukia upande wa shamba lake kana kwamba umeelekezwa. Mvuke peke yake si neno, hata sufuria ya chai hutoa mvuke. Taabu ilikuwa ni yale maji ya chini ya ardhi yaliyorushwa nao, matone madogo yenye chumvi ambayo yalikauka yakiwa bado hewani, yakabaki unga tu, na unga ukatua kwenye majani, kwenye mabati, kwenye nguo zilizoanikwa. Maharagwe yakaanza kuungua pembezoni. Kufikia juma la tatu shamba zima lilikuwa na rangi ya ugoro, na chai iliyopikwa kwa maji ya tangi ilikuwa haimezeki.

Watu wa kampuni ya umeme iliyokichimba walipoulizwa walijibu kwa upole mwingi, ule upole wa mtu aliyekwisha kula. Hapa mko karibu na ziwa la magadi, walisema. Upepo wa alasiri huinua vumbi la ufukweni na kuwaletea. Chumvi hiyo mmeishi nayo tangu enzi za babu zenu. Wanakijiji wakawajibu kwamba babu zao walikuwa wakivuna maharagwe.

Ikawa ni kuvutana. Barua zikaandikwa, mikutano ikaitishwa, ikaahirishwa, ikaitishwa tena. Mwezi wa saba ndipo wakaafikiana na kutia sahihi: aje mtu wa chuo kikuu, asiye wa huku wala wa kule, apime chumvi ya hewani kwa siku tisini huku kisima kikiwa wazi. Ikionekana kwamba zaidi ya nusu ya chumvi hiyo imetoka kisimani, kampuni itakiziba na kwenda kuchimba upande wa pili wa kilima, kusikokaa mtu. Isipofika nusu, kisima kitabaki kikinguruma hapo hapo, na asiyeweza kuvumilia atafute pa kwenda. Kipimo ni kimoja tu, hakirudiwi.

Jepkosgei hakuwa na pa kwenda, au tuseme alikuwa napo lakini hakupataka. Binti yake Jepleting, aliyeolewa Kiamunyi, alikuwa amemtengea chumba chenye kapeti. Kila wiki alimpigia simu kumsihi. Jepkosgei alimwambia kapeti haioti sukuma wiki. Hapa Kapsirwo alikuwa na ekari tatu, ng'ombe watano, kondoo kadhaa, na kaburi la mumewe karibu na ua wa mikalatusi. Mwaka wa kumi na nne sasa tangu amzike, na bado kila akipita pale alimweleza habari za siku. Kung'olewa pale na kelele za kisima! Aliapa hatakubali.

Mtu wa chuo alipokuja walimtazama wakatazamana. Walitarajia mzee mwenye mvi na mkoba wa ngozi. Wakaletewa msichana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, raba miguuni, jina lake Valarie Achola. Babu yake alikuja Nakuru na kazi ya reli, naye alizaliwa na kukulia mjini, akasomea hewa. Hezekiah, shemeji yake Jepkosgei, aliuliza kwa sauti kama kweli mtu anaweza kusomea hewa akapata mshahara. Watu wakacheka, na Valarie akacheka nao, jambo lililomfanya Jepkosgei ampende papo hapo.

Alizunguka kijiji akinyoosha kijiti chenye utepe kutazama upepo unakotoka, kisha akachagua ua wa Jepkosgei, kati ya tangi la maji na zizi. Wakasimamisha mlingoti wenye urefu wa mtu na nusu, juu yake wakafunga mashine ndogo iliyofunikwa na kofia ya bati, na paneli ya jua pembeni.

"Hii inavuta hewa siku nzima, mathe," Valarie alimweleza. "Chumvi na vumbi zinashikwa kwa hii filta. Kila asubuhi saa moja unatoa ya jana unaweka mpya. Usiiguse na mkono, tumia hiki kikoleo. Hata jasho ni chumvi."

"Na ukishapata hiyo chumvi utajuaje imetoka wapi? Chumvi si ni chumvi?"

"Hapana. Kila moja iko na ndugu zake inatembea nao. Ya ziwa hapa ni magadi. Ya kisima inatoka na madini ya chini kwa mawe, hizo huwezi pata kwa ziwa. Ya bahari nayo iko na kipimo chake, haibadiliki."

"Bahari? Bahari gani, na sisi tuko Rift Valley?"

Valarie akavuta kigoda, akapewa chai ya maziwa, akaeleza. Chumvi nyingi iliyo hewani duniani, alisema, huzaliwa baharini. Wimbi likivunjika hutoa povu, na kila kipovu kikipasuka hurusha vitone ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kitone kikikauka, kinachobaki ni punje ya chumvi, nyepesi mno, na upepo huichukua. Punje nyingine huanguka palepale pwani. Nyingine hupanda juu, mawingu yakazishika, maji yakajikusanya juu yake hadi yakawa mvua. Nyingine husafiri zaidi ya kilomita mia tano zikaja kutua hapa, kwenye bati la mtu ambaye hajawahi kuona bahari hata kwenye kalenda. Ni kidogo, alisema, lakini zipo, na mashine itazikamata.

Jepkosgei aliipenda habari hiyo kupita kiasi. Aliisimulia kanisani, akaisimulia kwa majirani, akamsimulia na marehemu kule kwenye mikalatusi. Mvua yangu ina bahari ndani yake, alimwambia. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na ilimfurahisha kujua kwamba kumbe hata yeye alikuwa akiletewa vitu kutoka mbali.

Kabla hajaondoka, Valarie aliandika kwenye karatasi mambo yasiyotakiwa karibu na mashine. Kusiwashwe moto. Kusichomwe takataka. Kusifagiwe kukiwa kukavu. Kusipuliziwe dawa. Pikipiki isiegeshwe. Mahindi yasipukuchuliwe. Jepkosgei aliibandika karatasi hiyo mlangoni pa jikoni kwa ugali na akaishika kama amri kumi. Alihamisha mafiga nyuma ya nyumba, moshi ukawa unamkimbilia usoni wakati wote wa kupika. Alimfukuza boda boda aliyemletea unga, akamwacha abebe gunia kutoka barabarani. Ile sehemu chini ya mlingoti aliinyunyizia maji na kuifagia taratibu hadi ikang'aa; kuku aliyekanyaga pale alikuwa anajitafutia kisu.

Hezekiah naye akamtia hofu.

"Shemeji, usiache hiyo kitu peke yake. Hawa watu wa kampuni si wajinga. Atakuja mmoja hapa na salamu mingi, ukigeuka amemwaga kitu kwa hiyo mashine, tumekwisha."

"Nani atamwaga kitu kwa boma yangu?"

"Mimi nakwambia tu. Kijiji yote inakutegemea. Tumekuchagua juu wewe hununuliki."

Maneno hayo yalimwingia. Ni kweli hakununulika. Kijiji kizima kilijua, na yeye mwenyewe alijua zaidi ya kijiji. Kwa siku tisini basi hakuondoka uani ila kwa mambo mawili, kanisa na kukata majani ya ng'ombe, na kwenye hayo mawili alimwachia zamu jirani yake Milcah. Kazi zake zote za kukaa alizihamishia chini ya mlingoti. Alichambua mboga pale, akafuma pale, akasoma Biblia pale, akalala usingizi wa alasiri pale akiwa ameegemea chuma chenyewe. Na siku za Jumanne na Ijumaa alileta kinu pale akatwanga magadi ya ng'ombe.

Hilo ni jambo ambalo watu wa Kapsirwo hawalifikirii, kama vile mtu asivyofikiria kufunga vifungo vya shati. Ng'ombe lazima alambe. Asipolamba hukonda, hula mifupa na matambara, maziwa hukauka. Zamani walipelekwa kwenye udongo wa chumvi kule bondeni, siku nzima kwenda na kurudi. Siku hizi magadi huletwa kwa punda kutoka ufukwe wa ziwa, mabonge makavu meupe, na kila mama huyatwanga nyumbani hadi yawe unga. Wengine hutwanga jikoni. Lakini kwa Jepkosgei jikoni kulikuwa na masizi, na nyuma ya nyumba kulikuwa na moshi na kuku, na mahali safi kuliko pote uani, pasipo na kinyesi wala jivu, palikuwa chini ya mashine. Magadi ni chakula. Chakula huandaliwa mahali safi. Karatasi ya mlangoni ilikataza moto na moshi na mahindi. Magadi haikuyataja, maana aliyeiandika alikulia mjini kwa maziwa ya pakiti. Binti aliyejua njia ya chumvi kutoka povu la bahari hadi kwenye wingu hakujua kwamba ng'ombe hula chumvi. Hakuna aliyemfundisha, naye hakuuliza, na Jepkosgei hakuona la kusema.

Basi akatwanga. Mchi ulipopanda na kushuka, unga mwembamba uliinuka kidogo, ukamwingia puani akapiga chafya, akaendelea. Kisha akaupakata ungo, akapepeta.

Filta zote alizibadilisha saa moja kamili, hata siku aliyoamka na homa. Aliandika kwenye daftari lake kila kitu alichodhani kina maana: upepo umetoka wapi, mvua imenyesha saa ngapi, Ooko wa ng'ambo ya barabara amechoma kichaka saa tisa. Valarie alipokuja kila baada ya majuma mawili kuchukua filta, alisoma daftari hilo akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mathe, wewe ungekuwa profesa. Kuna watu wako na digrii na hawaandiki hivi."

Jepkosgei alikaa na sifa hiyo siku nyingi.

Majibu yalisomwa Jumamosi moja asubuhi, kanisani, watu wakiwa wamejaa hadi madirishani. Kampuni ilimtuma Kipkemoi, kijana wa hapo hapo Kapsirwo aliyepata kazi ya kuwa mdomo wao. Jepkosgei ndiye aliyemfundisha shule ya Jumapili, akamfundisha na kusema kweli. Alikuja na koti la kung'aa la kampuni, akawasalimu wazee wote kwa mikono miwili. Mtoto hakukosa adabu, hilo haliwezi kusemwa.

Valarie alitundika karatasi kubwa ukutani. Jepkosgei, aliyekaa benchi la mbele kama bibi arusi, aliona uso wa binti yule akajua kabla hajafungua kinywa.

"Chumvi ya bahari, asilimia nne," Valarie alisoma. "Chumvi ya kisima, thelathini. Chumvi ya ziwa, sitini na moja. Iliyobaki ni moshi na vitu zingine." Akawageukia watu. "Nimerudia hesabu mara tatu. Pole sana."

Mama mmoja nyuma akaanza kulia pole pole. Kipkemoi aliinamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliye matangani, akangoja muda unaofaa upite.

"Wazee wangu, mama zangu," alisema, "sisi kama kampuni hatufurahii. Lakini mmesikia. Ni upepo, ni ziwa. Hiyo ni kazi ya Mungu, na Mungu hatuwezi mpeleka kotini."

Jepkosgei hakuwa anamsikiliza. Alikuwa akiitazama karatasi ya ukutani. Hakusoma sana lakini mistari aliweza kuisoma, na mstari wa ziwa ulikuwa na jambo la ajabu: ulilala chini siku nyingi, kisha ukaruka juu, ukalala, ukaruka tena. Akainua mkono.

"Hizi zimesimama hivi ni siku gani?"

"Hata mimi nilishangaa," Valarie alijibu. "Ni Jumanne na Ijumaa. Kila wiki. Upepo hauna kalenda, kwa hivyo nikafikiria ni siku za soko, labda malori yanapita kwa ile barabara ya ziwa yanainua vumbi. Nimeandika hivyo kwa ripoti."

Jepkosgei aliiona mikono yake mwenyewe imeshika mchi. Jumanne. Ijumaa. Aliuona ule unga ukiinuka na ile kofia ya bati juu yake ikivuta, ikivuta. Akasikia joto la aibu likimpanda kutoka miguuni hadi masikioni, na nyuma ya aibu hasira, na hakujua amkasirikie nani kwa kuwa kila alikogeuka alijikuta yeye mwenyewe.

Angeweza kunyamaza. Tuseme ukweli, ni wengi wangenyamaza, na wangelala usingizi mzuri. Hakuna aliyejua. Valarie alikuwa na malori yake, Kipkemoi alikuwa na Mungu wake, na kijiji kingerudi nyumbani kikilaani ziwa. Jepkosgei angebaki kuwa yule mama asiyenunulika aliyebadilisha filta akiwa na homa. Lakini aliona pia jambo jingine, na hilo ndilo lililomwinua: kama siku hizo mbili zilikuwa zake, basi siku nyingine tano zilikuwa za nani? Pengine shamba lake lingali linaokoleka. Akapiga moyo konde akasimama.

"Hayo si malori," alisema. "Ni mimi. Jumanne na Ijumaa natwanga magadi ya ng'ombe. Nilikuwa natwangia chini ya mashine."

Valarie alimtazama bila kuelewa.

"Magadi ya nini?"

"Ya ng'ombe. Ya kulamba. Inatoka ziwani." Akanyoosha kidole kwenye karatasi ya ukutani. "Sasa toa hizo siku mbili. Toa zote, halafu uniambie hizo zingine zinasema nini."

Valarie aliinama juu ya kompyuta yake, vidole vikakimbia. Watu walisimama kwenye mabenchi waone. Alipoinua uso macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Kisima," alisema. "Siku hizo zingine kisima ni asilimia hamsini na saba. Ni zaidi ya nusu."

Kanisa lililipuka. Watu walipiga makofi, mtu akapiga kigelegele, Milcah akamkumbatia Jepkosgei hadi kilemba kikaanguka. Kwa muda ambao mtu angetumia kunywa kikombe cha maji, Kapsirwo ilikuwa imeshinda. Kipkemoi aliwaacha wafurahi. Kelele zilipopungua aliuliza kwa sauti ya chini, sauti ile ile aliyoitumia utotoni kuuliza maswali ya Biblia.

"Mama, naomba kuuliza tu. Ukishatwanga Jumanne, hiyo unga yote inaisha? Hakuna inabaki chini?"

Jepkosgei alimtazama. Aliliona swali linakokwenda, kama mtu anavyoona ng'ombe akielekea kwenye shamba la jirani naye yuko mbali.

"Inabaki kidogo," alisema.

"Na Jumatano upepo ukivuma, hiyo kidogo inaweza inuka?"

"Inaweza."

"Kwa hivyo hata Jumatano hatuwezi kuwa na uhakika. Ama Alhamisi."

"Lakini hiyo ingeongeza magadi, si ya kisima!" Valarie alidakia, sauti imepanda. "Inamaanisha kisima ni zaidi hata ya hiyo hamsini na saba! Huyu mama hana makosa. Ni mimi sikuuliza. Ni kosa yangu."

"Sawa, madam. Andika hivyo kwa ripoti, kwamba hukuuliza." Kipkemoi akafungua faili, akatoa ule mkataba wenye sahihi zao zote. "Hapa tulikubaliana siku tisini. Hatukusema tuchague siku. Na tulikubaliana kipimo kisichafuliwe, na kikichafuliwa na upande mmoja, hakihesabiwi. Na hakirudiwi, kwa hivyo kisima kinabaki. Iko hapa, mzee Hezekiah, hii si ni sahihi yako?"

Hezekiah hakuitazama.

"Mimi nashukuru mama kwa ukweli wake," Kipkemoi aliendelea. "Alitufundisha hivyo tukiwa wadogo. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Angenyamaza, tungesema ni ziwa, na nyinyi mngeweza kwenda kotini mpinge hiyo ripoti. Sasa hakuna ripoti ya kupinga. Hakuna kipimo. Ni kama hakuna kitu ilipimwa."

Jambo la kutisha kuhusu maneno hayo ni kwamba aliyasema kwa masikitiko, na pengine masikitiko yenyewe yalikuwa ya kweli. Watu walikaa. Waliosimama kwenye mabenchi walishuka mmoja mmoja wakikung'uta viatu. Milcah, ambaye mikono yake ilikuwa bado begani mwa Jepkosgei, aliiondoa taratibu, akajitia kutafuta kitu mfukoni.

Kisha wakaanza kutoka. Hawakumtukana, na afadhali wangemtukana. Walimpita. Baadhi walimtazama miguu, wengine walizungumza juu yake na wenzao kana kwamba hayupo: tisini, siku tisini nzima, na yeye akiwa chini yake na kinu. Mzee Ogola, aliyekuwa ameshahamisha kondoo wake mara mbili kwa ajili ya ule mvuke, alisimama mbele yake, akamwangalia mikono, akaenda zake. Valarie alikuwa amejikunja kwenye kona na kompyuta yake akilia kama mtoto, na Jepkosgei alitaka kwenda kumbembeleza lakini watu walijaa katikati yao.

Hezekiah alibaki mwisho. Alikuwa ndugu wa mumewe, mtu aliyemchimbia kaburi kwa mikono yake, na miaka kumi na minne hakuwahi kumpandishia sauti. Hata leo hakuipandisha.

"Ungenyamaza, shemeji," alisema. "Tungemlaumu Mungu. Mungu tumemzoea, tunamlaumu na bado tunaishi naye. Sasa tutakulaumu wewe, na wewe tunakuona kila siku."

"Ningewadanganya?"

Hezekiah akavaa kofia yake. "Mimi nahamia kwa mtoto wangu Njoro. Siwezi ngoja ng'ombe zife."

Akatoka. Kanisani wakabaki Jepkosgei, Valarie aliyekuwa akifuta pua, na Kipkemoi aliyekuwa akiandika. Nje kisima kilinguruma kama kawaida, na kupitia dirishani ulionekana mvuke ukijikunja kuelekea upande wake. Kipkemoi alimaliza kuandika, akasoma alichoandika, akaja akakaa benchi moja naye, akimwachia nafasi katikati kwa heshima.

"Mama, samahani. Ofisi itataka hii ikiwa kwa maandishi, ndio nisionekane nimejitungia. Ni maneno yako tu, sijaongeza. Ukiona kuna kitu si ya kweli, tukate."

Akampa karatasi na kalamu. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili kizuri, hati safi. Mimi Jepkosgei, mlinzi wa mashine niliyechaguliwa na wanakijiji, nakiri kwamba kwa muda wa siku tisini nilitwanga magadi yaliyotoka ziwani chini ya mashine hiyo. Unga wake uliweza kuinuka siku yoyote. Hakuna mtu wa kampuni aliyeigusa mashine. Hakuna aliyenilazimisha kusema haya.

Valarie alisema kutoka kule kona, "Mathe, usitie sahihi. Tafadhali."

Jepkosgei aliisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Akairudia tangu mwanzo akitafuta uongo, hata mmoja tu, mdogo, ili apate kumrushia karatasi yake usoni. Alisoma hadi mara ya tatu. Hakuupata, akatia sahihi.